Uvimbe chini ya taya ya simbilisi: sindano hiyo iwekeni kando

SWALI: Habari za kazi, daktari. Simbilisi wa mwanangu, dume wa miaka 3 mwenye gramu 900, ana uvimbe chini ya taya. Wiki mbili zilizopita ulikuwa kama punje ya haragwe, sasa unakaribia ndimu. Anakula, ila anatafuna taratibu. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo katupa sindano ya penstrep (penisilini na streptomaisini), nusu mililita kila siku kwa siku tatu, eti jipu litakauka. Daktari tuliyemwona anataka kumpasua. Tuanze na ipi? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Mama, kama hamjamchoma, msimchome. Kama mmeshamchoma, acheni hapohapo na mkague kinyesi chake kila asubuhi kwa wiki nzima.

Watu hudhani sindano hii ni ya kujaribia tu, isiposaidia haidhuru. Kwa simbilisi inaua. Anaishi kwa bakteria walio katika fuko kubwa la utumbo wake, ndio wanaochachusha majani. Penisilini inawafagia hao, na bakteria mbaya, *Clostridium difficile*, anabaki peke yake akimwaga sumu. Mnyama anaacha kula, anaharisha maji, mwili unapoa, anakufa ndani ya siku chache. Halafu muuzaji anasema jipu lilikuwa limeshaingia kwenye damu! Ndani ya chupa hiyo kuna pia prokaini, ambayo ni dawa ya ganzi, na streptomaisini, na zote mbili ni sumu kwake. Hata hesabu haikupigwa: chupa nyingi zimeandikwa mililita 1 kwa kilo 25, kwa hiyo gramu 900 haifikishi hata tone moja. Nusu mililita ni mara 14 hivi ya hapo. Ampisilini, amoksilini, erithromaisini, linkomaisini na klindamaisini ziko kundi moja la hatari.

Sasa uvimbe wenyewe. Ukiwa hapo, na kwa kasi hiyo, mara nyingi ni tezi ya limfu iliyojaa usaha, na bakteria wake huwa *Streptococcus* aliyeingia kupitia kidonda cha mdomoni. Kutafuna taratibu kunanitia shaka na meno. Magego yakaguliwe siku hiyohiyo. Usaha wa simbilisi hautiririki, ni mzito kama jibini na umezungukwa na mfuko mgumu. Dawa ya sindano haipenyi humo, na ukitoboa kwa wembe unatoka kidogo, kidonda kinafunga, baada ya siku kumi uvimbe umerudi.

Kwa hiyo daktari wenu yuko sahihi, lakini kabla ya kisu avute kidogo kwa sindano ya geji 21. Ukitoka usaha, autoe mfuko mzima, au aupasue kwa upana na kuuacha wazi, uoshwe kila siku kwa maji ya chumvi ya hospitali mpaka upone kutoka ndani. Usipotoka usaha, apake kilichotoka kwenye kioo, kisomwe kwa hadubini. Na apapase makwapa na kinena: tezi zikiwa zimevimba kila mahali, huenda ni saratani ya tezi za limfu, na kukata hiyo moja hakumsaidii kitu.

Muulizeni atamnyima chakula kwa muda wa saa ngapi kabla ya nusu kaputi. Akisema usiku kucha kama mbwa, tafuteni mwingine. Simbilisi hatapiki, na tumbo likiwa tupu utumbo husimama kufanya kazi. Simbilisi apewe dawa ya maumivu, joto, na chakula mara anapozinduka. Vitamini C, ambayo mwili wake hauitengenezi, miligramu 30 hadi 50 kwa siku, mdomoni moja kwa moja. Ndani ya maji ya kunywa inaharibika. Mpimeni kila siku kwa mizani ya jikoni. Akishuka chini ya gramu 810, rudini. Antibayotiki achague daktari. Trimethoprimu yenye salfa ni mojawapo ya zile simbilisi anazozivumilia.

Na hili si la simbilisi peke yake. Ile amoksilini ya maji iliyobaki kwenye friji baada ya mtoto kupona kikohozi huishia mdomoni mwa sungura wa nyumbani mwenye mafua, na utumbo wa sungura unaharibika kwa njia ileile. Muuzaji wa duka anayajua ya ng'ombe, mbuzi na kuku, nami simlaumu kwa hilo. Namlaumu kwa kutosema "huyu simjui".