Usimuulize Kama Anajua, Mwambie Akuonyeshe

Wiki iliyopita nesi mmoja kijana wa hapa hapa Nairobi aliniandikia ujumbe saa tano usiku. Nilijua ametoka zamu kwa jinsi alivyoruka salamu. "Sista, huu ni mwezi wangu wa tatu kwenye dharura. Wagonjwa wa pumu nawavutisha mvuke wa dawa kwa nebulaiza, wanapata nafuu, wanaenda nyumbani, na wiki haijaisha wamerudi. Nawafundisha lakini hawasikii. Halafu na foleni ile, muda wa kufundisha naupata wapi?"

Nilimjibu kwa ufupi, kisha nikaona jibu hilo linawahusu wote mnaotaka kuwa manesi wa kutegemewa. Lakini siwezi kulitoa bila kueleza nililipataje.

Neno "hawasikii" nalifahamu vizuri. Nililitumia mpaka mwaka wangu wa pili kazini.

Mwaka huo alikuja kijana wa miaka 19, kibarua kwenye kinu cha unga kule Industrial Area. Aliingia Alhamisi jioni akipumua kwa mabega, nywele bado zina vumbi jeupe la kazini. Tulimwekea nebulaiza mbili, akapewa prednisolone ya kupunguza uvimbe wa njia za hewa, na baada ya saa chache alikuwa anaongea sentensi nzima bila kukata. Nilimkabidhi inhela yake ya bluu, kile kimkebe cha dawa ya kuvuta kwa mdomo, nikamuuliza, "Unajua kuitumia?" Akasema, "Najua, sista." Nikaandika kwenye faili: mgonjwa ameelimishwa. Nikatia sahihi.

Jumamosi alfajiri majirani walimleta wamembeba. Niliweka stethoskopu kifuani nikakuta kimya. Ninyi mnaoanza, shikeni hili: mgonjwa wa pumu akihangaika kupumua na kifua hakitoi mluzi wowote, msidhani amepata nafuu. Hewa karibu haipiti kabisa. Tulifanya yote yanayofanywa, akafariki kabla hatujabadilishana zamu.

Kaka yake alinifuata kwenye korido akiwa ameshika ile inhela. "Sista, hii ilikuwa imeharibika?" Niliitikisa, nikaibonyeza hewani. Ikatoa wingu jeupe kwa nguvu. Ilikuwa nzima. Mpaka leo sijui yule kijana alikuwa anaivutaje, kwa sababu sikuwahi kumwona akiivuta. Nilimuuliza swali ambalo jibu lake ni moja tu. Nani atamwambia nesi mwenye haraka, mbele ya foleni, kwamba hajui?

Tangu siku hiyo siulizi tena. Nasema, "Nionyeshe."

Na nikionyeshwa, naona mengi. Mwingine hatikisi. Mwingine anabonyeza kabla hajatoa pumzi iliyo ndani, kwa hiyo dawa haina pa kuingia. Mwingine anavuta kwa pua huku inhela iko mdomoni. Wote hao wangekuambia wanajua, na wangekuwa wanasema kweli kadiri wanavyoelewa.

Niwape habari njema sasa, maana ndiyo iliyonipa nguvu ya kuandika. Kuna mama mmoja wa Mukuru, mtaa wa mabanda hapa Nairobi, anapika mandazi ya kuuza. Mwaka jana, kati ya Juni na Agosti, alifika dharura mara nne. Mnaijua baridi yetu ya Julai: watu wanaingiza jiko la makaa ndani na kufunga mlango. Mara ya nne ndipo alipokuwa kwenye zamu yangu. Nilipomwambia anionyeshe, alifungua mdomo kama mtu anayekaguliwa meno, akabonyeza, na nikaona wingu likitoka pembeni mwa midomo likapanda mpaka kwenye ukingo wa leso yake. Pumzi akaivuta baadaye, wingu limeshapotea. "Hivi ndivyo nafanya, sista. Mara nne, mara tano, na haishiki."

Inhela ya kahawia alikuwa nayo, nyumbani, imeviringishwa kwenye gazeti. Jirani alimwambia ukiizoea hutaiacha maisha yako yote. Yeye mwenyewe aliijaribu siku mbili, akaona haifanyi kitu. Hapo usimcheke mgonjwa, ana sababu. Ile ya bluu inafungua njia za hewa ndani ya dakika chache na nguvu yake hukaa saa nne hadi sita. Ya kahawia haileti nafuu ya papo hapo. Kazi yake ni kupunguza uvimbe ndani ya njia hizo, pole pole, kwa siku na wiki, na ndiyo maana inatumiwa kila siku hata mtu akiwa mzima. Nilimwambia kwa lugha ya kazi yake: bluu inapepea moshi, kahawia inaondoa kuni mbichi. Alinyamaza, kisha akanirudishia mwenyewe: "Kwa hiyo mimi nimekuwa nikipepea tu."

Mwongozo wa kimataifa wa kutibu pumu, uitwao GINA, tangu mwaka 2019, umeacha kabisa kupendekeza kumtibu mtu mzima mwenye pumu kwa bluu peke yake. Mgonjwa anayemaliza mikebe mitatu ya bluu au zaidi kwa mwaka yuko hatarini. Wengi wetu bado tunawaruhusu na mmoja wa bluu na kuwatakia heri.

Sikumwambia aache mandazi. Ndiyo karo ya watoto wake. Alitoa jiko nje chini ya paa, anapika akiwa upande upepo unakotoka. Kwenye kasha la kahawia niliandika tarehe kwa kalamu nene: mkebe wa mipulizo 200, akivuta miwili asubuhi na miwili jioni, unakwisha siku ya 50. Asingoje ukauke, wala asiutumbukize kwenye maji kuona kama unaelea, kipimo hicho hakina maana. Akimaliza kuvuta kahawia asukutue mdomo na ateme, la sivyo atapata utando mweupe ulimini. Mwaka huu Juni imepita, Julai imepita, Agosti imepita. Hajaja dharura hata mara moja. Aliniletea mandazi kumi kwenye bakuli, na sioni haya kusema nililia chooni.

Lakini kuna jambo bado linaniuma. Yule mama hakuweza kuoanisha kubonyeza na kuvuta, na wengi hawawezi, hasa wazee na watoto. Dawa yake ni spesa, chombo kama chupa kinachoshika wingu la dawa ili mtu alivute taratibu, lakini ya dukani hakumudu. Nilichukua chupa ya maji ya nusu lita, nikapasha waya moto, nikatoboa kitako kwa umbo la mdomo wa inhela, nikaziba pembeni kwa gundi. Mkubwa wangu wa wadi wakati huo aliikuta kitandani, akaiinua mbele ya wagonjwa na wanafunzi, akasema hataki takataka kwenye wadi yake. Akaitupa. Nilinyamaza kwa sababu ya heshima, lakini nilikuwa na haki. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake huko Cape Town walichapisha katika Lancet utafiti wa watoto waliobanwa na pumu, na chupa ya nusu lita iliyozibwa vizuri ilifanya kazi sawa na spesa ya kununuliwa. Nilitengeneza nyingine jioni hiyo hiyo, nikamkabidhi mama langoni. Ndugu zangu, mkikemewa kwa kumsaidia mgonjwa, kemeweni, na kesho mtoboe nyingine. Iosheni kwa maji ya sabuni, iachwe ikauke yenyewe, msiifute kwa kitambaa maana dawa itagandia kwenye kuta.

Sasa muda. Nebulaiza inachukua kama dakika kumi. Katika dakika hizo sisi huwa tunaenda wapi? Mgonjwa amekaa, ana barakoa usoni, hawezi kuongea ila macho yako huru. Mimi nina inhela tupu mfukoni mwa aproni. Nasimama mbele yake: natikisa, natoa pumzi yote, naibana kwa midomo, nabonyeza mwanzo wa kuvuta, navuta taratibu, nashikilia huku nikihesabu vidole kumi. Nafanya mara mbili. Barakoa ikitoka na pumzi ikitulia, naye anafanya kwa inhela yake mwenyewe. Usimuulize kama ameelewa. Akuonyeshe.

Kama amekuja na mtu wa nyumbani, huyo pia aonyeshe, kwa sababu usiku wa manane yeye ndiye atakayeishika. Mwambie huyo ndugu: mgonjwa akishindwa kumaliza sentensi, midomo ikibadilika rangi, au bluu isipokaa hata saa nne, ni hospitali. Mkiwa njiani mpeni bluu kwa chupa, mpulizo mmoja mmoja, minne hadi kumi, na mrudie kila dakika 20 ndani ya saa ya kwanza.

Kwako nesi uliyeniandikia: wagonjwa wako wanasikia. Wanasikia "unajua?" na wanajibu ulichouliza. Ungekuwa umekaa kwenye kile kiti, umebanwa, umeaibika, nawe ungesema najua.

Na ukifika kwenye faili, usiandike "mgonjwa ameelimishwa". Mimi niliacha. Naandika nilichokiona kwa macho: amevuta mara tatu, sahihi mara mbili, ya tatu amesahau kutoa pumzi, arudie kliniki Jumanne.