Presha 158/96 mara moja: aanze dawa au apimwe tena?

Mama yako wa miaka 52 amepimwa zahanati mara moja tu, 158/96, na unauliza kama aanze vidonge leo. Apimwe tena kwanza, ndani ya wiki chache. Ingekuwa 180/110 au zaidi, pamoja na maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, kuona ukungu au upande mmoja kulegea, angepelekwa hospitali saa hiyohiyo.

Nusu saa kabla ya kupimwa asinywe chai wala kahawa, na akojoe kwanza. Akae kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono mezani usawa wa moyo. Apimwe mara 2, dakika 1 katikati. Angalieni mkanda wa mashine: ukiwa mdogo kwenye mkono mnene, namba hupanda bure, na wahudumu wengi hawana mkanda mwingine wa kubadilisha. Uwekwe kwenye ngozi, si juu ya gauni.

Ikibaki 140/90 au zaidi siku 2 tofauti, hiyo ni presha kweli. Apimwe mkojo, sukari na kreatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo), ila vipimo vikikosekana dawa isisubiri. Mara nyingi huanzishiwa amlodipini 5 mg kwa siku. Huweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na hapo ndipo wengi huacha kimyakimya. Arudi kituoni, daktari abadilishe. Marudio ni baada ya wiki 4 hivi, lengo chini ya 140/90.

Tena muulize mama kama anatumia diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya magoti. Hupandisha presha, na mara nyingi haitajwi.