Nikiuliza swali, darasa zima linainama

SWALI: Nafundisha hisabati darasa la sita, wanafunzi 70. Nikiuliza, wanaojibu ni walewale watatu wa mbele. Nakosea wapi? – Mwalimu, Morogoro

JIBU: Mwalimu, anza na saa. Miaka ya 1970 mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, aliwapima walimu akakuta wengi husubiri jibu kama sekunde 1 tu. Waliofikisha 3 walipata majibu marefu zaidi, tena hata kutoka kwa watoto waliozoea kunyamaza. Basi uliza, kisha hesabu moyoni hadi tatu. Chaki iwe imetulia: ukiigongagonga mezani, mtoto husikia “fanya haraka”.

Usiulizie ubaoni. Sogea hadi safu ya katikati, macho yafike dawati la mwisho ndipo yarudi. Kumteua mtu, tumia kiganja kilicho wazi. Kidole cha shahada kinashtaki. Anayeinamisha macho usimwite mjeuri, huenda kwao ndiyo heshima.

Kosa kubwa huja jibu likiwa baya: mwalimu hukunja uso na kugeukia ubao mtoto hajamaliza. Wenzake 69 wameona. Mtazame amalize, kisha muulize amefikaje hapo.