Kufuta programu ya saa janja hakufuti taarifa za afya yako

Dada, umeuliza kama kuondoa programu ya saa janja kwenye simu kunatosha ili rekodi za mapigo ya moyo, usingizi na hedhi zisibaki kwa wengine. Hakutoshi. Saa hupeleka vipimo kwenye simu kwa bluetooth, kisha simu huvipeleka kwenye seva za kampuni, na nakala ya huko inabaki. Ingia kwenye akaunti, pakua rekodi zako ukizihitaji, halafu futa akaunti yenyewe. Kabla ya kuiuza saa, irudishe kama ilivyotoka kiwandani.

Ukiendelea kuivaa, hatari kubwa naiona kwenye ramani. Mwaka 2018 ramani ya Strava, programu ya kurekodi mazoezi, iliyojumlisha njia za wakimbiaji iligunduliwa kuwa inaonyesha kambi za kijeshi, ingawa haikuwa na jina la mtu hata mmoja. Wewe ukianza kukimbia mlangoni kila alfajiri, mwanzo wa mstari ni nyumba yako. Weka mazoezi yaonekane na wewe tu. Kuficha mwanzo na mwisho wa njia kunawazuia watazamaji, si kampuni. Ukianzia nyumbani, zima GPS kabisa, hatua zitahesabika vilevile.

Kagua pia programu nyingine ulizoziunganisha na akaunti hiyo, maana wengi huzisahau, na uondoe ruhusa moja moja.

Mwajiri au bima akitaka uunganishe saa, muulize kwa maandishi: anachukua nini, anakihifadhi muda gani, anampa nani? Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 na ile ya Tanzania ya 2022 zinaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Usikubali kabla hajajibu.