Uamsho wa Afrika Mashariki haukuanzia kwa Wapentekoste

Ndugu, umeuliza kama huu "wokovu" wa bibi zetu, yaani Uamsho wa Afrika Mashariki, uliletwa na Wapentekoste wa Marekani. Hapana. Ulizuka ndani ya Kanisa la Anglikana, na chimbuko lake ni Gahini, Rwanda, kwenye hospitali ya misheni.

Daktari Mwingereza wa hospitali hiyo, Joe Church, alikuwa amechoka kiroho baada ya njaa kali ya 1928-29. Septemba 1929 akaenda Kampala, akakutana kwenye kilima cha Namirembe na Mganda Simeoni Nsibambi, wakakaa pamoja na Biblia. Mzungu na Mwafrika kuombeana kama ndugu, enzi zile za ukoloni! Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alifundisha wainjilisti palepale Gahini hadi alipofariki Januari 1936. Moto ukashika: watu wakatubu hadharani, wakarudisha vya wizi. Kabale, Uganda, ukafika 1935, Kabete kwenu Kenya 1937.

Maaskofu wengine hawakufurahia, maana hawa waliookoka waliwakemea hata wachungaji mbele za watu. Ila wengi wa waliookoka hawakuhama; walibaki Waanglikana, wakikutana kwenye vikundi vyao vya ushirika.