Shona shati MOJA kwanza, hayo mengine matano mwambie fundi asiyaguse

Mdogo wangu, simama hapo hapo. Nimesoma uzi wako mpaka pale uliposema "fundi kanipa punguzo nikishona sita kwa mpigo", nikaweka kikombe chini. Unaanza kazi tarehe moja, unataka uingie ofisini na mashati ya kafu za kukunja (ile ncha ya mkono inayojikunja juu ya yenyewe) na kafulinki zake, yaani vile vipini vinavyoifunga badala ya kifungo, unauliza uchukue za dhahabu au za fedha, na kama Ijumaa unaweza kuvaa bila koti. Hayo ni madogo. Sita kwa mpigo ndiyo itakayokumaliza.

Mimi nilishona saba. Mwaka 2017, ofisi ya ghorofani huko Posta, Dar, mshahara wa kwanza hata haujaingia. Saba kwa siku saba za wiki, wakati kazini nilikuwa naenda tano. Na niliajiriwa uhasibu, msicheke.

Nikaenda Kariakoo kwenye duka la vitambaa. Muuzaji akanikunjulia jora, akalipiga pigapiga kama anabembeleza mtoto: "Bosi, hii pamba ya Misri, hairudi hata ukiichemsha." Mita moja shilingi 18,000, shati moja mita mbili na nusu, fundi 35,000. Hiyo ni 80,000 kwa shati. Zidisha kwa saba uone: 560,000. Sehemu ya hela hiyo nilimkopa shemeji, ambaye mpaka leo tukikutana hanitazami usoni, ananitazama mikononi.

Siku ya kuyajaribu yalikaa kama nimezaliwa nayo. Wiki ya kwanza nilikuwa naangalia saa hata pale ambapo sina haja ya kujua ni saa ngapi, ili mradi mkono utokeze. Kisha yakafuliwa.

Sasa sikiliza hapa, maana hiki hakuna aliyeniambia. Kitambaa cha pamba kikiwa kiwandani huvutwa. Kikikutana na maji, nyuzi zinalegea na kurudi zilikotoka, ndiyo maana mafundi husema kitambaa "kimerudi". Mkono wa shati langu ulikuwa sentimita 65. Baada ya kufuliwa mara ya tatu, 62 na nusu. Ungekuwa shati la kawaida la kifungo, unakunja mikono juu, maisha yanaendelea, hakuna anayejua. Kafu ya kukunja haikupi nafasi hiyo. Kazi yake yote ni kutokeza nje ya koti kama sentimita moja hivi, kafulinki ionekane. Ikirudi, inazama ndani ya mkono wa koti. Na haizami kwa amani: ile kafu imejikunja juu ya yenyewe, ni matabaka manne ya kitambaa, bado hujahesabu kile kitambaa kigumu cha ndani. Inanasa. Nikinyoosha mkono, koti linapanda nalo mpaka karibu na kiwiko.

Balaa la pili ni hicho kigumu cha ndani kinachobandikwa kwa pasi. Chenyewe hakikurudi. Kitambaa cha juu kimerudi, cha ndani kimegoma, kwa hiyo kafu zikaumuka vipovu kama chapati kwenye kikaango. Matundu manne yaliyokuwa yanapangana sawasawa yakapishana. Asubuhi nilikuwa napambana na kafulinki dakika kumi, nyingine naishika kwa meno, nimeshachelewa basi la mwendokasi.

Nikaingia hivyo kwenye kikao. Nikanyoosha mkono kumpa mkuu wa idara karatasi, koti likapanda, kafu ikabaki huku nyuma kwenye kifundo cha mkono kama bandeji. Dada mmoja wa mapokezi aliyeleta chai akaniuliza kwa upole kabisa, "Kaka, bado unarefuka?" Chumba kizima kikacheka. Nami nikacheka, kana kwamba ni mambo mazuri.

Nikarudi kwa fundi. Akaangalia, akasema hakuna cha kuongeza, pale kwenye mshono wa kafu alibakiza sentimita moja tu. Suluhisho alilokuwa nalo ni kuyakata yawe mikono mifupi. Nikakubali. Ndiyo hayo, nina mashati saba ya mikono mifupi ya 80,000 kila moja, pamoja na pea mbili za kafulinki ambazo labda nizivae masikioni.

Yule muuzaji nilimfuata. Unajua alisema nini? "Bosi, ulitumia maji ya wapi?" Maji ya wapi! Pamba ya Misri, nadhani ndege iliyoileta ilipita juu ya Misri tu. Na hawa mabwana wa mitindo wa mtandaoni ndio wananiudhi zaidi. Saa nzima anakuelezea kafu zinatakiwa zikutane uso kwa uso na zisipandane, kafulinki ya mnyororo na ya kigingi, hasemi hata mara moja kwamba shati hufuliwa. Huenda wao hawafui.

Kwa hiyo: MOJA. Kitambaa chake kiloweke usiku kucha, kianikwe kivulini, kipigwe pasi, ndipo fundi ashike mkasi. Apime ukiwa umevaa koti lile lile la kazini, saa ipo mkononi, kiwiko umekikunja kidogo. Livae siku nzima ya kazi, si dakika tano mbele ya kioo cha fundi. Lifue mara tatu. Likiwa bado linatokeza, shona hata ishirini, mimi nitakuja kukupigia makofi. Punguzo lake la mashati sita ni kiasi gani, elfu thelathini? Mimi nililipa laki tano na sitini kujua haya.

Ijumaa bila koti usijaribu. Kafu ile haina kifungo, ukitoa kafulinki inaning'inia kama sikio la mbuzi, halafu mchana uko kwa mama lishe na mchuzi wa maharage. Utaniambia.

Kuna lingine uliuliza, nadhani la rangi, ngoja kwanza. Hicho kitambaa sasa hivi kipo kwako au kwa fundi? Kama kipo kwa fundi, acha kunijibu hapa, mpigie simu saa hizi kabla hajakata.