Mtoto asiyeletwa kliniki: kwa wahudumu wapya wa mwambao wa Kigoma

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uhudumu wa afya ngazi ya jamii, nimeifanya kazi hii miaka kumi na moja, mingi yake katika vijiji vya kaskazini ya Kigoma mjini ambako gari halifiki. Unapanda boti Kibirizi, mengine unamwachia Mungu na upepo. Nawaandikia yale ambayo mimi sikuambiwa kwenye mafunzo.

Mwaka wangu wa kwanza taarifa zangu zilipendeza mno. Kila siku ya mkoba, yaani kliniki inayofuata watu kijijini, nilipima watoto sitini, sabini. Kwenye kadi wengi walikuwa kijani, wachache kijivu, nyekundu mmoja mmoja. Msimamizi akanisifu mbele ya wenzangu. Kumbe nilikuwa nawapima walewale kila mwezi, watoto wa akina mama wenye nafasi na wenye kanga ya kutokea. Siku moja nikatumwa kuandikisha vyandarua nyumba kwa nyumba. Nikaingia ua mmoja ulio hatua hamsini tu kutoka kwenye mwembe tunapotundika mizani, nikamkuta mtoto wa miaka miwili amevimba miguu na uso, nywele zimekuwa nyepesi na nyekundu. Hakuwahi kuletwa hata mara moja. Jirani akaniambia, "Huyo si mgonjwa, kanenepa."

Ukikuta uvimbe wa namna hiyo, bonyeza upande wa juu wa miguu yote miwili, si chini kwenye nyayo, kwa vidole gumba, hesabu sekunde tatu, achia. Shimo likibaki pande zote mbili, usihangaike na utepe wa mkono. Mtoto huyo anapelekwa kwenye matibabu siku hiyohiyo. Kwa wengine wa miezi 6 hadi 59, utepe ni rafiki yako: chini ya sentimita 11.5 ni utapiamlo mkali, kuanzia hapo hadi chini ya 12.5 ni wa wastani. Pima mkono wa kushoto, katikati ya bega na kiwiko, na usiuvute utepe kama unafunga mzigo.

Lakini kwa nini alifichwa? Hapa ndipo nilipojifunza kazi. Mnalijua neno kubemenda. Mtoto anayenyonya akidhoofu, watu husema wazazi wamembemenda, wamekutana kabla ya wakati au mmoja wao katoka nje ya ndoa. Kwa hiyo mama anayempeleka mtoto aliyekonda kwenye mizani mbele ya wanawake arobaini anakuwa kama amejishtaki mwenyewe. Afadhali abaki ndani. Mimi katika ujana wangu nilisimama mkutanoni nikatangaza kwamba kubemenda ni upuuzi. Miezi miwili iliyofuata milango ilifungwa, hata maji ya kunywa sikupewa.

Siku hizi sibishani. Nikiingia uani nasalimia kwanza, "mwakeye" kama ni asubuhi, naulizia mihogo na mvua, kisha nampima mtoto mwenye afya kuliko wote. Halafu anayefuata. Yule ninayemtaka anakuwa wa tatu au wa nne, na utepe nampa bibi aushike mwenyewe. Bibi ndiye mwenye mtoto, msidanganyike. Akiona kwa macho yake utepe umesoma nyekundu, kazi ya kumshawishi mkwewe anaifanya yeye, kwa maneno ambayo wewe huyajui. Neno utapiamlo silitamki. Nasema, "Mtoto huyu amepungukiwa nguvu, zahanati kuna chakula dawa chake." Na uwaulize kabisa nyumbani kuna watoto wangapi, maana pakiti za chakula hicho hugawanywa kwa ndugu wote wakilia, kisha mwezi ujao unashangaa uzito haupandi.

Sasa daftari. Takwimu za chanjo zinaweza kusoma zaidi ya asilimia mia na bado kitongoji kikawa na watoto wasiochanjwa. Sababu ni kwamba idadi ya watoto tunayogawanyia ili kupata asilimia hukisiwa kutoka kwenye sensa. Kati ya ile ya 2012 na ya 2022 mkoa wetu ulitoka watu wapatao milioni 2.13 hadi milioni 2.47, na hawakuongezeka sawasawa kila kijiji. Usingoje makisio. Tembea na balozi wa nyumba kumi, andika kila mtoto wa chini ya miaka mitano kwa jina lake, la mama yake, na mahali anapolala. Anza na nyumba za mwisho, kambi za wavuvi na waliopanga vyumba. Kisha siku ya kliniki weka alama kwa waliokuja. Wasio na alama ndio orodha yako ya wiki. Iringa walifanya hivyo tangu miaka ya 1980, katika vijiji 168: kijiji chenyewe kinapima watoto wake, kinajiuliza kwa nini huyu amepungua, kinaamua la kufanya, kisha kinapima tena. Utapiamlo mkali ulishuka kwa zaidi ya nusu.

Jambo la mwezi nalo. Mwezi wa angani, sio wa kalenda. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Asubuhi vipe, boti za wavuvi, vinaporudi, akina mama wote wako mwaloni, pale boti zinapotia nanga, wanapokea na kuanika, na watoto wameachiwa dada wa miaka minane. Ukipanga mkoba saa mbili asubuhi siku za giza, utakaa na mizani yako peke yako, kisha utaandika kwamba "jamii haina mwamko". Panga siku za mbalamwezi. Nyavu zinashonwa, baba yupo, na baba akiwepo nauli ya boti ya rufaa hupatikana palepale badala ya kesho kutwa.

Kuhusu chakula, inaniuma kwamba tunaishi juu ya dagaa na watoto wetu wanakula ugali wa muhogo kwa mchuzi mwepesi. Dagaa ni hela, wanaondoka kwa magunia. Nimeona mapishi darasa ambako mwezeshaji alikuja na mayai, maziwa na karoti za mjini. Wanawake walipiga makofi wakaenda zao. Mimi huomba dagaa waliovunjikavunjika ambao mchuuzi hawataki, tunapepeta mchanga, tunatwanga, tunatia kijiko kwenye uji pamoja na mawese kidogo. Mawese yetu mekundu yana vitamini A kwa wingi, ila matone ya Juni na Desemba mtoto apewe vilevile.

Kuhara: ORS, ile chumvichumvi ya kurudisha maji mwilini, pakiti moja kwa lita moja ya maji salama, na zinki kwa siku kumi hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Mama wengi huacha hapo, kwa hiyo rudi siku ya nne. Wenye umri wangu wanakumbuka Kagunga, kijiji cha mpakani na Burundi, Mei 2015, kipindupindu kilipoingia kati ya wakimbizi waliojazana ufukweni. Ukiona watu wazima wawili wanaharisha maji kama ya mchele, piga simu kabla hujanawa mikono, halafu nawa.

Degedege, usimtukane mganga. Mwombe namba yake ya simu. Wangu hunipigia mtoto akifikishwa kwake akiwa na joto kali, na kwenye mkoa wenye malaria kama huu simu hizo ni dhahabu.

Na watu wa ziwa huhama. Mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei, kambi nzima ilitawanyika na daftari langu likabaki na majina yasiyo na watoto. Tangu hapo, kila mzazi wa kambini namwuliza mapema, "Samaki wakikosekana hapa, mnakwenda wapi?" Naandika jina la huko pembeni, na namba ya mhudumu wa huko. Wakihama kweli, nampigia mwenzangu nikimtajia mtoto, chanjo aliyobakiza na kipimo chake cha mwisho. Mara nyingi anajibu kwamba boti bado haijafika.